Waya za Sebuleni kwa Mzee Anaeli

Salvina alimjua kabla hajageuka. Eliamini alikuwa na tabia ya kugonga viatu kizingitini kila anaposhuka mlimani, hata kama tope lilishakauka na kudondokea huko njiani. Aligonga cha kulia, akagonga cha kushoto, na moyo wa Salvina, ambao mwaka mzima na zaidi alikuwa akiufundisha kutulia, ukasahau mafunzo yote pale pale.

"Karibu," alisema, macho bado kwenye plagi ya maikrofoni aliyokuwa akiilehemu.

"Habari za kazi, Salvina."

"Nzuri. Tukusaidie nini?"

Tukusaidie! Kana kwamba mle dukani walikuwamo watu wengine. Duka lile, mtaa wa nyuma ya soko kuu la Moshi, lilikuwa lake peke yake tangu alipomaliza chuo Arusha. Spika zilipangwa mpaka darini, mabunda ya waya yakaning'inia ukutani, na wenye kumbi za harusi, wachungaji, mapadri na wazee wapenda muziki walimfuata hapo hapo. Hakukuwa na kanisa kubwa kati ya Himo na Boma Ng'ombe ambalo hakulijua linavyosikika. Mtu mmoja tu ndiye ambaye Salvina hakutaka kumsikia, na sasa alikuwa amesimama mbele ya kaunta, uso umeungua kwa jua la kileleni, amekonda kidogo, bado mzuri. Hilo la uzuri ndilo lililomkera zaidi.

"Nimekuja kutafuta waya," Eliamini alisema.

"Waya ziko nyingi."

"Za muziki. Za balansi. Zinatoka kwenye mashine ya CD kwenda kwenye amplifaya. Ni za Mzee."

Salvina aliweka chini pasi ya kulehemu. Mzee alikuwa mmoja tu, Mzee Anaeli wa Masama, mwalimu wa kwaya mstaafu, baba yake Eliamini. Huyo ndiye aliyeyakata mapenzi yao kwa sentensi moja.

Ilikuwa hivi. Eliamini alimpeleka nyumbani kwao kumtambulisha, Jumapili moja baada ya ibada. Sebule ilikuwa na makochi yenye vitambaa vya kufuma, mashine ya muziki juu ya kabati karibu na mlango, friji la maziwa pembeni yake, na upande wa pili kabisa wa chumba amplifaya, na kando ya amplifaya kiti cha mbao chenye mto wa bluu. Salvina hakutaka kujitanua kwenye makochi ya watu siku ya kwanza. Akachagua kile kiti, maana ndicho kilichoonekana kinyonge kuliko vyote.

Hakuna aliyemwambia ainuke, kwa kuwa mgeni hainuliwi. Kilikuwa, kama Eliamini alivyomweleza wakirudi, kiti cha marehemu Mama Violet, mke wa Mzee. Jioni zote za ndoa yake alikaa hapo kusikiliza nyimbo za kwaya yao, mkono wake kwenye kitufe cha sauti. Tangu azikwe mgombani nyuma ya nyumba, kiti kile hakikuwa kimekaliwa na mtu. Mzee Anaeli aliingia, akaona, akaitikia shikamoo, akasema anakwenda kuwatazama ng'ombe. Hakurudi mpaka wageni walipoondoka.

Kesho yake jibu likaja kwamba binti ni Mkatoliki wa Kilema na sisi ni Walutheri, haiwezekani. Eliamini akasema tusubiri. Salvina akasema yeye hawezi kusubiri mlangoni kwa watu. Na kwa kuwa Eliamini ndiye kitindamimba, na kihamba cha baba, lile shamba la migomba la ukoo, pamoja na nyumba ya baba huachiwa kitindamimba, wasingeweza kuoana wakahamia mbali na neno lile. Mke wa Eliamini angeishi ndani ya sebule ile ile. Wakaachana, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake angeweza kufanya zaidi.

"Mzee wako ana matatizo gani na muziki wake?" Salvina aliuliza, kwa sauti ya daktari asiyemjua mgonjwa.

"Unavuma. Davis, kaka yangu yule wa Ujerumani, alizichukua kanda za kwaya akazihamishia kwenye CD, akamtumia na mashine mpya na amplifaya. Vitu vya maana kweli. Lakini aliyekuja kufunga alitumia zile waya nyekundu na nyeupe, akazipitisha chini ya kapeti chumba kizima, pamoja na waya wa friji. Sasa ukiweka wimbo, chini yake kuna ng'ooo, haiishi. Na Mama aliimba sauti ya pili, unakumbuka. Iko chini chini. Mzee anasema mvumo unamfunika."

Salvina angeweza kumchukia Mzee Anaeli kwa mambo mengi, lakini si kwa kutaka kumsikia mkewe.

"Nyuma ya mashine kuna matundu ya pini tatu?"

Eliamini alitoa simu, akamwonyesha picha ambayo Davis aliipiga kabla ya kuvifungasha vyombo. Vichwa viwili viliinama juu ya kioo kidogo. Salvina aliona matundu ya pini tatu kwenye mashine, akayaona na kwenye amplifaya. Aliona pia kovu jipya kwenye kidole gumba cha Eliamini, akajizuia asiulize.

"Afadhali," alisema akijivuta nyuma. "Balansi lazima iwe pande zote mbili. Upande mmoja ukiwa nayo na mwingine hauna, ni kazi bure."

Akashusha waya za namna tatu, akazipanga kaunta. Za kwanza zilivishwa kitambaa cha kusuka, nene, na plagi zake zinang'aa dhahabu. Eliamini akazishika hizo hizo, kama wanaume wote.

"Hizi si ndizo zenyewe?"

"Zinapendeza. Mtu anayetaka wageni wazione namuuzia, na hana hasara, zinafanya kazi. Ila masikio ya baba yako hayataona hiyo dhahabu."

"Na hizi?"

"Hizo zina plagi ya pini tatu, lakini tazama." Akafungua plagi kwa bisibisi ndogo. "Ndani uzi wa sauti ni mmoja tu. Pini ya tatu wameifunga pamoja na ya kwanza. Ukiitazama kwa nje ni balansi. Nilizinunua bila kuzipasua, nikaumia. Siziuzi."

"Ya tatu?"

"Ya tatu naikata mwenyewe kutoka kwenye hili bunda, nalehemu plagi nzuri za kawaida." Akamenya ncha ya waya, akamwonyesha: nyuzi mbili nyembamba, moja nyekundu, moja nyeusi, zimesokotana ndani ya wavu wa shaba. "Wimbo unapita kwenye zote mbili. Ila kwenye huu wa pili umegeuzwa, wa huku ukipanda wa huku unashuka. Sasa mvumo wa friji ukiingia njiani, hauchagui, unaziingia zote sawa. Vikifika kwenye amplifaya, kila kilicho kwenye uzi wa pili kinageuzwa tena, hata mvumo. Wimbo unakuwa mmoja, una nguvu. Mvumo nao unajikuta unapingana wenyewe, unakufa."

Eliamini alizitazama zile nyuzi kwa muda.

"Kwa hiyo lazima ziwe mbili."

"Lazima. Na zisokotane hivyo hivyo. Zikiachana, kila moja inaokota kelele zake, na kelele zikishatofautiana amplifaya haiwezi tena kuziondoa."

Alijuta kusema. Eliamini alikuwa ameacha kutazama waya, anamtazama yeye, kwa macho yale yale ya zamani yasiyo na haraka. Salvina alishika kitambaa akaanza kufuta kaunta ambayo haikuwa na vumbi.

"Salvina, sikuja kwa ajili ya waya peke yake."

"Umetumwa waya, chukua waya."

"Nimetumwa, kweli. Lakini kila nikishuka mlimani napita hapo ng'ambo. Nasimama pale kwa wauza viatu. Nakuona umevaa hiyo taa yako kichwani. Halafu naondoka."

"Wazungu unawafikisha kileleni, barabara tu ya lami inakushinda kuvuka?"

"Kileleni najua nitakachokikuta."

Salvina alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Alikuwa amempenda mtu huyu kwa sababu ya majibu ya namna hii, na alikuwa amemkasirikia kwa sababu hizo hizo.

"Umechelewa," alisema polepole. "Nyumbani kuna watu wanakuja Jumapili kuposa. Kuna Antoni, ana duka la vipuri Himo. Mama anamtaka. Mkatoliki mwenzetu, kajenga kwake, hana kiti cha marehemu sebuleni. Mama ameniambia nijibu mbele ya wazee, na mimi sijampa sababu ya kukataa."

"Unampenda?"

"Ni mtu mwema."

"Sikuuliza hivyo."

"Nami sijakujibu hivyo kwa bahati mbaya." Akavuta bunda la waya. "Urefu gani? Niambie nikate, uende."

"Mita nane," Eliamini alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Umepima?"

"Nimezaliwa mle ndani. Kutoka kabatini mpaka kwenye kiti cha Mama, ukizungusha ukutani, ni nane."

Kiti cha Mama. Salvina akavuta waya, mkono baada ya mkono, akiupima kwa alama zilizochorwa ukingoni mwa kaunta. Alijua ambacho angemwambia mteja mwingine yeyote. Waya bora ni mfupi. Visogezeni vyombo vikae pamoja, mvumo utapungua wenyewe kabla hamjanunua kitu. Lakini kumwambia Mzee Anaeli asogeze amplifaya ni kumwambia asogeze kile kiti, na yeye, kati ya watu wote wa duniani, asingeweza kulisema hilo. Ndiyo maana balansi ilifaa. Imetengenezwa kwa ajili ya watu wenye vyombo vilivyo mbali na wasioweza kuvisogeza.

Akashika mkasi wa waya.

"Baba yako anajua unanunulia wapi?" aliuliza. Swali lilikuwa limemwasha ulimini tangu mwanzo.

"Yeye ndiye kanielekeza. Asubuhi nashuka mlimani na wageni, ananipigia, anasema nimkute kituo cha maziwa. Hata nyumbani hakutaka nipande, anasema nitachelewa. 'Nenda mjini, kwa yule binti wa Kilema. Usiende kwingine.'"

"Yule binti ana jina."

"Nilimwambia hivyo hivyo. Akasema, 'Jina lake nalijua.'"

Mkasi ukabaki hewani.

"Hakusema kingine?"

"Alisema tu nimpe fundi hii." Eliamini alipapasa mfuko wa koti, akatoa kamba ya ganda kavu la mgomba, imeviringishwa vizuri. "Mzee hana habari na tepu ya kupimia. Banda la ng'ombe, madirisha, hata jeneza la Mama, vyote alipima kwa kamba ya mgomba. Nilisahau kuitoa, maana urefu naujua."

Salvina aliipokea, akaitandaza juu ya kaunta. Ilianza kufunguka na ikaisha. Haikufika hata nusu ya kaunta.

"Imekatika," Eliamini alisema.

"Haijakatika." Salvina alimwonyesha. Kila ncha ilikuwa na fundo, na limekazwa kwa mkono wa mtu mwenye uhakika. "Fundo huku, fundo huku. Hiki ndicho kipimo."

"Basi kakosea. Mzee amechoka siku hizi. Hii haitoki kabatini, labda ifike kwenye friji tu."

Salvina aliirudisha sebule ile machoni pake, ambayo aliiona mara moja tu na hakuwahi kuisahau. Mlango, kabati, friji, makochi, na kule mbali kile kiti. Kamba fupi kiasi hiki ilikuwa na maana moja tu, na aliogopa kuiamini.

"Mpigie," alisema.

"Nani?"

"Baba yako, mbe, bwana wee! Mpigie, weka tumsikie wote."

Simu iliita kwa muda. Ilipopokelewa, walisikia kwanza ng'ombe, kisha ndoo ikiwekwa chini.

"Eliamini. Umefika?"

"Nimefika, baba. Niko hapa na Salvina. Anakusikia."

"Shikamoo, baba," Salvina alisema.

Ng'ombe mmoja alilia tena kule Masama. Eliamini aliisogeza simu katikati ya kaunta.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Baba, nimeona kamba. Nilitaka kuuliza umepima kutoka wapi mpaka wapi."

"Kutoka kwenye mashine mpaka kwenye amplifaya."

"Vilikuwa mbali."

"Vilikuwa mbali. Amplifaya nimeihamisha, iko kabatini pamoja na mwenzake."

Mkono wa Salvina ulikuwa umeikamata ile kamba bila yeye kujua.

"Na kiti, baba?"

"Kiti kiko chumbani kwangu, karibu na kitanda. Nikiamka nakiona. Pale panamtosha Violet, na mimi pananitosha."

Eliamini aligeuka akatazama ukuta wenye mabunda ya waya. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na Salvina alimwacha, maana kuna machozi ambayo mtu hapaswi kutazamwa akiwa nayo.

"Mvumo bado upo?" aliuliza, kwa kuwa kazi ndiyo iliyokuwa imebaki ya kumshika asianguke.

"Umeisha. Siku ile ile niliposogeza. Sasa namsikia mpaka pale anapovuta pumzi kabla ya kuanza ubeti."

"Kama umeisha, baba, huhitaji waya hizi. Zile nyekundu na nyeupe zinakutosha, zifupishe tu. Siwezi kukuuzia kitu usichokihitaji."

"Davis naye alisema hivyo."

"Sasa ulimtuma Eliamini dukani kufanya nini?"

Mzee Anaeli alikohoa. Walimsikia akiisogeza ndoo tena, ambayo bila shaka ilikuwa mahali pake tangu mwanzo.

"Huyo mtoto," alisema hatimaye, "anarudi nyumbani, anakaa, hali, hasemi. Nikimwuliza anasema ni baridi ya mlimani. Nimeoa, nimefiwa, baridi naijua. Kuja hapo kwako asingekuja mikono mitupu. Nikamtafutia mzigo."

Kicheko kilimtoka Salvina kabla hajakizuia, kikatoka na machozi yake.

"Na ile habari ya Ukatoliki," Mzee aliendelea, sasa kwa haraka, kama mtu anayevuka mto kabla maji hayajapanda. "Hayo ya makanisa mtakaa na mchungaji na padri, yana wenyewe. Mimi siku ile nilikuona umekaa pale nikaona Violet amekwisha kabisa. Hilo sikuweza kulisema mbele ya watoto. Nikasema jingine. Wewe hukuwa na kosa lolote, mwanangu. Nani angekuambia?"

"Hakuna, baba."

"Hakuna. Ndiyo."

Nje pikipiki zilipita, muuza ndizi akapiga kelele, na ndani ya duka watu wawili walitazamana kwa mara ya kwanza siku ile bila hata mmoja kuangalia pembeni. Eliamini alinyoosha mkono juu ya kaunta, akaushika ule mkono uliokuwa umeshika kamba.

"Baba," Salvina alisema. "Pale palipokuwa na kiti, umeweka nini?"

"Hapana kitu. Pako wazi. Elinipendo, dada yake Eliamini, alitaka kuleta kochi, nikakataa. Siwezi kumchagulia mtu kiti. Mwenyewe atakuja achague."

Salvina alifumba macho. Alimwona mama yake kule Kilema akihesabu sufuria za Jumapili, akamwona Antoni na shati lake lililopigwa pasi, mtu mwema asiyestahili kupotezewa muda. Kwa mama angepiga jioni hii hii, awazuie wageni wa Jumapili, na mama angelia, na angeuliza kama hakuna Wakatoliki waliobaki Kilimanjaro nzima. Ingekuwa siku ndefu. Lakini alishajua atakachosema mbele ya wazee, na alishajua kwamba asingekisema huko Kilema, angekisema Masama.

"Nitakuja Jumapili," alisema. "Baada ya misa. Nitakuja na waya."

"Waya za nini tena, na mvumo umeisha?"

"Na mimi nahitaji mzigo wa kujia, baba."

Walimsikia Mzee Anaeli akicheka, kicheko kikavu cha mtu aliyekisahau kwa muda mrefu. Salvina aliikunjua kamba juu ya kaunta, akaulaza waya kando yake, fundo kwa fundo, akakata.